Jiwe la Kilo Tano na Damu ya Baba Yako

Silibwet, Jumapili, mvua inanyesha

Akinyi mwanangu,

Nimekuona ukilifunga hilo sanduku mara tatu na kulifungua mara nne, nikaamua nikuache nalo. Nimekaa jikoni. Mvua ya saa nane inapiga mabati, na kogo yako, mama yangu, amesinzia kwenye kiti chake huku akiapa kwamba hajasinzia. Kesho asubuhi unaondoka kwenda Nairobi kusomea kazi yangu ya maabara. Mambo ya sweta, ya marafiki na ya kurudi hosteli mapema nimekwambia kwa mdomo mpaka ukanijibu, "Mama, nimesikia, sina masikio ingine ya kuongeza." Basi siyarudii. Barua hii ni ya yale ambayo mdomo wangu umekataa kuyasema kwa miaka sita.

Kuna watu wanaotaka nikupe wosia wa upole. Mke wa mchungaji alipita jana na mkate, akaushika mkono wangu kwa huruma kabisa, akasema, "Mama Akinyi, ambia huyo mtoto akifika huko asikuwe na kichwa ngumu kama ya mamake." Nikamshukuru kwa mkate. Mimi sina shamba la kukurithisha. Nina ng'ombe mmoja, naye hawezi kupanda basi, na nina hicho kichwa kigumu. Kichukue. Ila kabla hujakichukua ujue nilikipata wapi, maana sikuzaliwa nacho. Kilinigharimu kuliko chochote nilichowahi kuwa nacho.

Nianze na swali lako. Ulikuwa kidato cha pili, siku tuliyotolewa kwenye nyumba ya kampuni ya chai. Tulikuwa kwenye tela la trekta, magodoro yamefungwa kwa kamba, kuku wako wawili ndani ya kikapu, na jirani zetu wote wamesimama milangoni wakijifanya wanafagia. Hukulia. Ulinitazama tu, ukasema, "Si ungesaini tu, mama?"

Nilinyamaza kutoka pale mpaka Silibwet. Ulidhani nimekasirika. Sikukasirika hata kidogo. Lilikuwa swali zuri kuliko maswali yote niliyoulizwa mwaka ule, na wakubwa waliniuliza mengi. Jibu lake lilianzia kwa baba yako, na mimi sikuwa na ujasiri wa kuanzia hapo. Leo ninao. Kama sinao, basi ninajifanya ninao, na kalamu haijui tofauti.

Unamkumbuka baba yako kwa kicheko, najua. Mimi namkumbuka kwa buti. Alikuwa fundi wa boila kiwandani, na alikuwa akirudi nyumbani ananuka mvuke na majani ya chai. Alitoka upande wa ziwani, chini kule ng'ambo ya Fort Ternan ambako baridi yetu inaisha na miwa inaanza. Nyumba yetu ilikuwa ya Kiswahili kwa sababu yeye hakujua Kikipsigis cha kutosha kugombana, na mimi sikujua Kijaluo cha kutosha kuomba msamaha. Ulipozaliwa yeye alikuita Akinyi, mama yangu akakuita Chepkoech, wakabishana wiki nzima, kisha wakagundua kwamba majina yote mawili yanasema kitu kimoja, kwamba ulizaliwa kukipambazuka.

Mwaka wa tisini na tatu alianza kufungua kamba za buti kabla hajafika mlangoni. Miguu ilikuwa inavimba. Kichwa kilimuuma asubuhi, na alichoka kwa namna ambayo haikuwa yake, mtu aliyekuwa akibeba koleo la makaa kama kijiko cha sukari. Nilimwambia aje hospitali ya shamba, ile niliyofanya kazi. Akaja. Akaandikiwa kipimo cha figo, na karatasi ikaletwa kwenye meza yangu.

Kesho kutwa utafundishwa jambo hili kwa maneno makubwa. Acha mimi nikupe madogo. Kuna taka inayotoka kwenye misuli, inaitwa kreatinini. Figo nzima huitupa nje. Figo ikichoka, taka hiyo hubaki kwenye damu. Sisi tunayachukua maji ya damu, tunayachanganya na dawa ya njano, na rangi inakolea kuelekea ya chungwa. Kadiri inavyokolea, ndivyo figo zilivyo taabuni. Mashine ndogo inausoma ukolezi wa rangi, kisha unakwenda kwenye mchoro uliochorwa kwa dawa ambayo nambari yake inajulikana, unafuata mstari, unapata nambari ya mgonjwa. Siku zile, chini ya mia na ishirini tuliita sawa.

Mchoro wangu ulikuwa umebandikwa ukutani. Niliuchora mwezi wa kwanza, mchana wa jua, kando ya sufuria ya kuchemshia sindano, nikaujivunia kwa jinsi mstari ulivyonyooka. Kitabu kilisema mchoro ufanywe upya kila siku. Mwalimu wangu kule Kisumu alisema vivyo hivyo. Lakini chupa ya dawa ya kulinganishia ilikuwa ndogo, kuletewa nyingine ilikuwa ni kungoja miezi, na kila mtu niliyemfahamu katika kazi hii alikuwa na mchoro wake ukutani. Nami nikawa kama kila mtu.

Damu zetu tulizipima asubuhi. Wachuma chai walitakiwa kumalizana na sisi kabla majina hayajaitwa shambani, na wa kiwandani kabla zamu haijabadilika. Saa moja asubuhi, mwezi wa sita na wa saba, unajua mwenyewe baridi ya kule. Pumzi ilionekana ndani ya maabara, nami nilifanya kazi nimevaa koti juu ya koti.

Baba yako nilimpima mara tatu, kwa miezi mitatu. Mara ya kwanza tisini na nane. Mara ya pili mia na kumi. Mara ya tatu mia na kumi na tisa. Mara zote tatu niliandika SAWA, nikapiga mstari chini yake kwa rula, nikasaini. Ile siku ya tatu nilimletea habari mwenyewe, tukila ugali na mboga ya sageti, wewe ukiwa hapo hapo mezani ukichezea kijiko. Nikamwambia, "Figo zako ni nzima kuliko zangu. Umechoka tu, na chumvi unakula nyingi." Akacheka. Akasema, "Nikiwa na daktari kwa nyumba, nitakufaje?" Akarudi kwenye boila.

Hakupimwa tena. Kwa nini apimwe, na karatasi ilisema sawa? Alikunywa dawa za malaria, akanywa dawa za minyoo, akanywa mizizi ambayo mama yangu aliichemsha. Karibu mwaka ulipita hivyo. Siku aliyoanguka kiwandani walimteremsha hadi hospitali kubwa ya ziwani, na huko nambari ikatoka imepita elfu moja. Alikaa siku tisa. Mengine unayajua, ulikuwepo.

Ulikuwepo pia kwenye mazishi, ingawa sijui ulisikia nini. Walisema ni mimi. Mke wa kutoka milimani amemlisha kitu. Mwanamke mmoja alinitemea karibu na miguu. Mimi nilisimama pale kichwa juu, Akinyi, maana nilijua sikumroga mtu na sikumlisha mtu. Nilikuwa na hasira safi, ile hasira ya mtu asiye na hatia, na nilijivunia sana. Nimeikumbuka hasira ile mara nyingi tangu hapo, na kila mara naona aibu hadi masikio yanawaka.

Baada ya mazishi nilikuleta hapa Silibwet kwa majuma mawili. Siku moja kogo alisema twende naye kituoni kupeleka majani ya chai yake kuuza. Nilibeba gunia, na yeye akabeba kikapu chake, nami nikashangaa kinamwelemea hivi kuna nini. Kumbe ndani kulikuwa na jiwe. Ndilo hilo linaloshikilia mlango wa jikoni, hilo ulilokuwa ukikalia ukimenya viazi.

Tulipofika kwenye mizani, akalitoa jiwe, akamwambia karani, "Kwanza pima hii."

"Kogo, watu wanangoja. Hapa tunapima majani, si mawe."

"Hii jiwe ni kilo tano. Duka ya kwanza ilisema tano. Ya pili, tano. Ya tatu, tano. Sasa ya kwako nayo iseme."

Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimevaa viatu vya kazini, mwanamke wa maabara, mjane wa majuma mawili, na mama yangu anazuia foleni nzima kwa jiwe. Nikamnong'oneza, "Mama, wacha bwana." Hata hakunitazama. Karani akalitundika jiwe ili amalizane naye. Mshale ukasimama kwenye nne na nusu.

"Ni upepo, kogo," karani akasema.

"Basi tungoje upepo ipite," akajibu, akaketi juu ya gunia lake na kukunja mikono.

Kisha mzee mmoja aliyekuwa ameshapimiwa akarudi na gunia lake, na mwingine nyuma yake. Karani akachukua bisibisi, akaizungusha skrubu nyuma ya mizani, akalitundika jiwe tena. Tano. Kogo akalirudisha kikapuni, akapimisha majani yake, akasema asante. Njiani nikamuuliza kwa nini hawaamini watu. Akaniambia, "Karani mimi namwamini. Mizani ndio siijui." Sikulala vizuri siku zilizofuata, ingawa sikuwa nimejua bado kinachonikera ni nini.

Niliporudi kazini ilikuwa mwezi wa saba tena. Asubuhi ya kwanza, saa moja, kabla sijagusa damu ya mtu, nilijiuliza: jiwe langu ni lipi? Nikaichukua ile chupa ya kulinganishia, ambayo nambari yake niliijua kama jina langu, mia mbili kamili. Nikaipima kama damu ya mgonjwa. Nikafuata mstari kwenye mchoro wa ukutani.

Mia na thelathini.

Nikadhani mkono wangu umekosea. Nikarudia. Mia na thelathini na mbili. Nikangoja mchana, jua likapiga mabati, sufuria ya sindano ikatokota kando yangu, nikaipima mara ya tatu. Mia na tisini na nane.

Rangi ile huchelewa kukolea kwenye baridi. Ni jambo dogo hivyo tu. Kisumu hatukuliona kamwe, kwa sababu Kisumu hakuna baridi. Mchoro wangu ulikuwa wa mchana wa jua, na damu zangu zilikuwa za asubuhi ya baridi, na kila mgonjwa niliyempima asubuhi nilimwandikia figo nzuri kuliko alizokuwa nazo.

Nilikwenda kwenye daftari la maabara na kulifungua. Nilijua ukurasa. Tisini na nane, mia na kumi, mia na kumi na tisa, na sahihi yangu mara tatu. Nikafanya hesabu kwa penseli pembeni. Hakuna hata moja iliyokuwa sawa. Na hata kama mchoro ulikuwa mwongo, mwanangu, nambari zenyewe zilikuwa zinapanda, na mimi mke wake sikuziona zikipanda, kwa sababu nilitazama mstari wa mia na ishirini badala ya kumtazama mtu.

Sasa unajua. Damu ya baba yako niliipima kwa mkono huu unaokuandikia, nikamwambia ni mzima, akaniamini. Kama ningeandika ukweli wangempa dawa za presha mapema, wangempumzisha, wangempeleka kwa wataalamu. Labda angeishi miaka. Labda angeongeza miezi tu. Sijui, na sitajua. Sikuandikii ili unifariji, na tafadhali usije ukatoka chumbani na macho mekundu ukanikumbatia juu ya hili. Nisome kwanza hadi mwisho.

Ningependa kukwambia kwamba siku ile nilisimama nikapaza sauti. Sikusimama. Nilikwenda kwa daktari mkuu wa hospitali, nikamweleza nusu, nikimtaja baba yako kwa mbali kama mgonjwa yeyote. Akanisikiliza akichovya biskuti kwenye chai.

"Kuna mtu amelalamika?"

"Hapana, Daktari."

"Basi aliyelala usimwamshe, mama. Ukimwamsha utalala wewe."

Nikasema ndiyo, Daktari. Nilikuwa mjane, nyumba ilikuwa ya kampuni, na wewe ulikuwa darasa la saba. Nikatengeneza mambo kimyakimya. Nikaweka beseni la maji ya moto kwenye meza, mirija yote ikae humo kwa joto moja, mwezi wa kwanza na mwezi wa saba. Kila asubuhi nikapima jiwe langu kabla ya damu ya mtu. Mchoro wa ukutani niliuchana na kuuchoma jikoni. Na wale niliowaandikia sawa, niliwaita mmoja mmoja, nikiwadanganya kwamba damu yao ilimwagika. Wengine walikuja, na wawili kati yao niliwakuta taabuni wakaanza dawa. Wengine walikuwa wamesharudi makwao, Kipkelion, Kisii, ziwani, na majina yao ninayo mpaka leo kwenye karatasi ndani ya Biblia. Hilo ndilo kosa langu la pili, na nakuhakikishia linauma kuliko la kwanza. La kwanza nilikosa kwa kutojua. La pili nilijua vizuri kabisa, nikachagua biskuti ya daktari.

Miaka ikapita. Ikaja mashine mpya.

Unaikumbuka, nilikuja nyumbani nikiisifu kama msichana aliyeposwa. Nyeupe, ina kioo kidogo cha kuandika nambari yenyewe, haitaki mchoro wala rula. Daktari mkuu akanipa fomu: kwamba kipimo cha figo kwa mashine hii kimejaribiwa na kuthibitishwa, kinafaa kwa wagonjwa. Chini kulikuwa na mstari wa sahihi yangu. Wageni wa kampuni walikuwa wanakuja baada ya mwezi, na alitaka waikute inafanya kazi.

Nikamwambia nipe siku ishirini. Nilifanya kama kogo na maduka yake matatu. Nilichukua damu moja nikaipima mara tano mfululizo. Nilipima asubuhi, nikapima mchana. Nilipima chupa yenye nambari ndogo, ya katikati na kubwa. Kila damu niliigawa nusu, nusu moja nikaipima kwa njia yangu ya zamani kwenye maji ya moto, na nyingine nikaipitisha kwenye mashine, nikaandika kila kitu.

Mchana mashine ilikuwa malaika. Asubuhi ilikuwa mlevi. Damu moja, majibu matano: mia na arobaini, tisini na tano, mia na sitini, mia na kumi, mia na hamsini na tano. Siku sita nilihangaika nikidhani ni mkono wangu, maana mkono wangu siuamini tena. Siku ya saba nilikuwa nimeinama juu ya ile mashine nikasikia kiwandani feni za kunyaushia majani zinawashwa, moja baada ya nyingine, na taa juu ya kichwa changu ikafifia. Nikamkumbuka baba yako. Alikuwa akisema kila asubuhi akinywa chai, taa ikizama, "Hizo ni feni zangu zinaamka." Miaka yote nilisikia maneno hayo kama salamu tu. Umeme ulikuwa unazama kila feni zilipowashwa, na taa ndogo ndani ya mashine ilizama pamoja nao, na nambari zikacheza.

Nilipeleka karatasi zangu ofisini. Daktari mkuu alikuwa na wakubwa wawili wa kampuni. Nikawaonyesha. Nikasema mashine si mbaya, ipewe kifaa cha kutuliza umeme au ipime mchana tu, nami nitasaini. Wakatazamana. Mmoja akasema wageni watakuja asubuhi. Mwingine akasema kitu kidogo hivyo kisicheleweshe mambo makubwa. Daktari mkuu akanisogezea kalamu.

"Mama, hii mashine imetoka Ulaya. Wewe umetoka Silibwet."

Nakuapia sikuwa nimepanga kusema kitu. Nilikuwa nimepanga kulia, kwa kweli. Lakini nikalikumbuka hilo jiwe la mlangoni, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Kuna jiwe nalo limetoka Silibwet, Daktari. Halijadanganya mtu mpaka leo."

"Unakataa kusaini?"

"Nimeshasaini mara tatu bila kujua. Ya nne sisaini."

Hawakuelewa, na sikuwaeleza. Nilirudisha kalamu mezani, nikatoka. Juma lililofuata nikapewa barua kwamba nafasi yangu imepunguzwa, na nyumba iachwe kabla mwezi haujaisha. Yaliyobaki uliyaona ukiwa juu ya trekta.

Watu hupenda hadithi kama hii iishe kwa mashine kuharibika mbele ya wageni na daktari mkuu kuaibika. Haikuishia hivyo. Mtu mwingine alisaini fomu nyingine. Wageni walikuja, wakapiga picha, wakanywa chai yetu, wakaenda. Sijui kama ile mashine imemdhuru mtu au imemsaidia mtu. Daktari mkuu alipandishwa cheo. Mimi napima malaria na mkojo kwenye chumba nyuma ya duka la dawa hapa sokoni, na jioni nachuma chai ya mama yangu. Wanaosema nilijiharibia maisha kwa ajili ya nambari wana haki ya kusema. Nasema tu kwamba sijutii hata nukta moja, na mke wa mchungaji ataleta mikate mpaka achoke.

Ninachojutia ni wewe. Ulipoteza shule yako na marafiki zako, ukaja kutembea kwenye matope ya hapa alfajiri na mapema, na mimi kwa kiburi sikukueleza ni kwa nini. Nilikuacha uamini kwamba mama yako alichagua karatasi badala yako. Nilikuwa mkali kwako miaka miwili ile, na kila uliponiuliza kitu nilisikia lile swali la kwenye trekta. Hapo nilikosa, Akinyi, na kwa hilo nakuomba msamaha, kwa Kiswahili, lugha ya nyumba yetu.

Sasa umeichagua kazi hii, na sikukuambia uichague. Nilipoiona barua ya chuo nilitoka nje nikajifanya natafuta kuku. Watakufundisha vizuri kuliko nilivyofundishwa. Utakuta mashine nzuri. Utakuta pia wakubwa wenye kalamu, wengine wazuri kabisa wa moyo, watakaokusogezea fomu Ijumaa jioni wakikuambia kila mtu anasaini. Sina ushauri kuhusu siku hiyo. Utakuwa peke yako, na utaogopa, na pengine utakuwa na mtoto wa kulisha kama mimi. Sitakuhukumu ukisaini. Nitakusikitikia tu, kwa sababu nimeshalala na kitu hicho kitandani na najua kinavyogeuka.

Kogo aliamka sasa hivi akanikuta naandika. Asubuhi alikuwa amelitia lile jiwe ndani ya sanduku lako chini ya mashuka. Ndiyo sababu halikufungika, usilaumu vitabu. Nimelitoa. Nimemwambia Nairobi kuna mawe. Ameniambia, "Kuna mawe, lakini nani ameyapima?" Nimelirudisha mlangoni pake, na yeye bado amenuna.

Mahali pake nimekuwekea karatasi moja, ile fomu. Niliondoka nayo siku ile mfukoni mwa koti. Mstari wa sahihi bado uko mtupu.

Jambo la mwisho, na hili ni zito, kwa hiyo kaa chini. Wewe ni mtoto wa baba yako. Ugonjwa kama ule wakati mwingine hutembea kwenye ukoo. Mimi nimefanya kazi hii miaka yote hii na damu yako sijawahi kuipima. Mara mbili niliandaa sindano nikairudisha. Niliogopa nambari, na niliuogopa zaidi mkono wangu. Huo ni woga, sina jina jingine la kuupa.

Muhula huu au ujao, mtafika kwenye kreatinini. Mwalimu atatafuta mwanafunzi wa kutoa damu. Jitolee. Usiache mtu mwingine aipime, ipime wewe. Lakini kabla hujaitia kwenye mashine, tia kwanza kile unachokijua, na kama asubuhi kuna baridi, tia tena mchana. Wakikucheka, waache wacheke, foleni itangoja. Kisha uniandikie. Ukiniandikia kwamba ni sawa, sitapiga vigelegele, na sitakwenda kanisani kutoa shukrani. Nitakurudishia barua yenye swali moja: umejuaje?

Ukiweza kulijibu hilo, ndipo nitalia.

Ni mimi mama yako, niliyesaini mara tatu nilipokuwa sijui, na kukataa mara moja nilipojua.